Muziki wa Kimya

Je, kuna muziki unaofanana na kimya? Mtu atacheka. Lakini mwenye kukaa shambani asubuhi, ukungu ungali juu ya milima, anajua kwamba kimya cha kwetu kina sauti nyingi ndogo-ndogo: maji ya kijito, matone juu ya majani ya ndizi, ndege mmoja anaita, mwingine anamjibu.

Miaka mingi nilitafuta muziki wa namna hiyo. Redio haikunipa. Kwenye machimbo kila kibanda kina kipaza sauti chake, na kanisani pia tunapenda gitaa la umeme liseme kwa nguvu. Mwisho niliupata kwa mzee mmoja aliyekimbia vita akafika hapa Kashuga. Katika mzigo wake mdogo mlikuwa na likembe. Kwa vijana wasioijua: ni kisanduku cha mti chenye ndimi za chuma, zinazopigwa kwa vidole gumba. Alikuwa akipiga jioni, pole pole, kwa ajili yake mwenyewe. Nilimwuliza ni wimbo gani. Akanijibu: «Baba mchungaji, hii njo mvua inaisha. Kwetu inaishaka hivi.» Nyumba yake na shamba lake vimepotea, lakini mvua ya kwao angali nayo katika vidole.

Wengine walitafuta muziki huu mbele yetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Kongo na mashine ya kunasa sauti, akanasa nyimbo za Wanande na Wambuti kando ya msitu wa Ituri. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Naye Colin Turnbull, katika kitabu chake cha mwaka 1961, alieleza kwamba Wambuti wakipatwa na mabaya huimba usiku ili kuuamsha msitu, maana wanafikiri umelala. Sisi tunamwomba Muumba wa msitu. Lakini kujua kuusikiliza, hapo wanatushinda.

Likembe yenyewe imejifunza kelele. Kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake Konono No. 1 waliitia umeme, kwa sababu mji ulikuwa unawafunika. Ni muziki mzuri wa kuchezea. Lakini ile ya mzee inataka wewe kwanza unyamaze.

Wako ndugu wanaosema likembe ni kitu cha kipagani. Mimi nasema, mti na chuma havina dini. Daudi alimpigia Sauli kinubi, na moyo wa mfalme ukatulia. Hapa petu, ambapo wengi wamesikia risasi, nani hana haja ya kutulia?

Basi vijana, telefone zenu zina nafasi ya nyimbo mia na zaidi. Mwendeeni babu au bibi anayejua likembe, filimbi, au wimbo wa kubembeleza mtoto. Mwombe ruhusa. Zima muziki mwingine, nasa sauti yake, halafu mwache aseme mwenyewe jina lake, kijiji chake na mwaka. Fanyeni hivyo mwezi huu. Wazee hawa ni wachache sasa, na wimbo wa namna hii hauuzwi kwenye butiki yoyote.