Istilahi Mbili, Mlango Mmoja

Katika semina zetu, aghalabu istilahi hujadiliwa kama chakula kilichokwisha kupoa mezani. Huulizwa kama ni fupi, kama inafuata mofolojia ya Kibantu, kama Kiarabu kingetufaa zaidi. Ni nadra kuulizwa iwapo mtu aliye na sekunde 30 pekee ataweza kuitenda. Swali hilo lilinikabili nilipokuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika jimbo la Iowa, Marekani, na lililolizua ni mlango wa banda la gari.

Nasema banda la gari kwa makusudi. Kwetu Kenya gereji ni kwa fundi, mahali pa grisi na spana. Mmarekani hulaza gari lake katika chumba kilichoshikana na nyumba, mlango wake mpana ukipandishwa na mota iliyofungwa darini. Nairobi tunapiga honi, bawabu anafungua. Kule, magari mengi yana kitumaji cha mawimbi kilichojengewa humo humo: vifungo 3, pengine kwenye kioo cha kutazamia nyuma, ambavyo huiamuru mota dereva akiwa bado barabarani.

Mzee mmoja, mkimbizi kutoka Uvira nchini Kongo, alikuwa amenunua gari kuukuu lenye vifungo hivyo. Mkewe alipelekwa hospitalini mara 3 kwa juma kusafishwa damu. Majira ya baridi njia ya mlango wa mbele ilikuwa barafu tupu, na mama yule alikuwa amekwisha kuanguka hapo. Ilibidi gari liingie hadi ndani. Rimoti ya mkononi ilikuwa moja, nayo kijana wao aliondoka nayo kwenda kazini usiku.

Mjukuu alikuwa amemsomea kijitabu cha gari na kumtafsiria kwamba gari lapaswa "kufundishwa". Mzee akalifundisha. Taa ndogo ikawaka, mlango ukanyamaza. Fundi mmoja akamshauri abadilishe kioo kizima, kwa fedha ambazo hakuwa nazo.

Jumamosi moja, kijana akiwapo, tulianza kwa kutenga. Rimoti ilifungua mlango. Basi mota ilikuwa nzima na betri ya rimoti pia. Tukafuta kumbukumbu za mwenye gari wa awali kwa kushikilia vifungo viwili vya pembeni kwa takriban sekunde 20, hadi taa ikameta haraka. Kisha rimoti ikasogezwa sentimita chache kutoka kwenye kifungo cha gari, vyote viwili vikabonyezwa kwa pamoja, na taa iliyokuwa ikimeta polepole ikaanza kumeta kwa kasi. Hapo gari lilikuwa limenakili. Tulipobonyeza kifungo cha gari peke yake, taa ilimeta kwa kasi sekunde 2, kisha ikawaka mfululizo. Ishara hiyo ndiyo iliyofumbua fumbo. Kama ingewaka mfululizo tangu mwanzo, ingekuwa mota ya msimbo usiobadilika, na kazi ingeishia hapo.

Mota za zamani zilitii msimbo mmoja siku zote, hata mwizi aliyeunasa hewani aliweza kuurudia. Tangu katikati ya miaka ya 1990 zimeenea zenye msimbo unaobadilika kila kifungo kibonyezwapo. Mota ya namna hii haimfungulii mgeni hata akiiga sauti ya mwenyeji. Sharti kwanza atambulishwe. Vitendo basi ni viwili: gari hunakili kutoka kwa rimoti, kisha hutambulishwa kwa mota. Kijitabu kilitumia kitenzi kimoja kwa vyote viwili, na mjukuu, kwa uaminifu wa mtafsiri mwema, akatumia kimoja vilevile. Wapo wahadhiri watakaosema kwamba kufundisha kwatosha, muktadha utafafanua. Sikubaliani nao. Majuma matatu muktadha haukumfafanulia Mzee chochote.

"Mzee," nikamwambia, "gari limekwisha kuujua wimbo. Sasa tulipeleke kwa mota likatambulishwe."

"Ni kama kupeleka muchumba kwa wazazi," akajibu.

Mfano wake ulikuwa bora kuliko wangu. Kwenye mota kuna kifungo ambacho kikibonyezwa, mota humsubiri mgeni kwa takriban sekunde 30, kisha husahau. Mimi nilikuwa nipande ngazi, yeye aketi garini. Kabla sijapanda tulikubaliana juu ya neno. Kwetu ni kubonyeza. Kwao ni kufinya, neno ambalo Kiswahili sanifu kinalo ila tumeliachia mashavu ya watoto. Lake lilikuwa fupi, nalo ndilo lililomjia upesi.

"Finya! Achilia! Finya tena!"

Mara ya tatu mlango ukanguruma, ukapanda. Mkewe, aliyekuwa ameketi kando yake amejifunika blanketi, akacheka kwa sauti.

Nilimwandikia ukurasa mmoja wenye nakili, tambulisha na finya. Mwezi Februari akanipigia simu: sasa gari sharti ligusane na mlango ndipo mlango usikie. Nikamuuliza nini kimebadilika. Hakuna, akasema, isipokuwa balbu mpya ya LED aliyoitia kwenye mota. Balbu za aina hiyo huweza kutoa mawimbi yanayoivuruga mota isisikie vizuri.

"Itoe balbu hiyo, Mzee, kisha ujaribu ukiwa barabarani."

Nikasikia ngazi ikiburutwa.