Daftari la Nesi, sehemu ya 9: Karatasi ya majina

Wiki iliyopita niliishia pale kiwandani, na wengi mmeniandikia pembeni mkiuliza kwa nini niliacha kazi ile nikarudi wodini kwenye mshahara mdogo. Hii ya leo nimeichelewesha makusudi, maana aliyekosea ni mimi. Ni ndefu, someni taratibu.

Kwa wageni: nilikuwa nesi wa zahanati ya kiwanda cha nguo hapahapa Dar, jina silitaji. Wafanyakazi kama mia sita, zamu tatu, vyumba viwili vya zahanati, mimi na mwenzangu mmoja, daktari anakuja Jumanne na Ijumaa. Kazi yetu ilikuwa kufunga vidole vilivyokatwa, dawa za kichwa, na kuandika rufaa. Siku moja bosi wa utumishi akaniita ofisini. "Sista, makao makuu wanataka tuwe na mpango wa afya ya wafanyakazi. Wewe ndio utausimamia." Nikauliza bajeti. Bajeti ilikuwa fulana, keki na spika za muziki.

Basi bwana, tukafanya bonanza. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mchakamchaka kutoka getini mpaka barabara kuu na kurudi, kama kilomita tano hivi. Watu walifurahi, sitasema uongo. Mama mmoja wa jikoni aliivuta kamba peke yake mpaka timu ya maofisa ikaanguka chali, na hiyo picha ninayo hadi leo. Baada ya hapo soda, keki, kisha watu wote na jasho lao wakapanga foleni kwenye meza yangu kupimwa presha na sukari.

Manesi wenzangu mmeshaona, najua mnatikisa vichwa.

Kwa wasio wa fani: presha inapimwa mtu akiwa ametulia kwenye kiti angalau dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya nguo. Asiwe ametoka kukimbia, kuvuta sigara au kunywa kahawa ndani ya nusu saa, na asiwe amebana mkojo. Na ikisoma juu siku moja hujamwambia mtu ana ugonjwa, unampima tena siku nyingine. Mimi nilipima watu wamesimama, wanahema, mkanda juu ya trakisuti, muziki unapiga sikioni. Sukari nikapima baada ya soda! Hayo yote nilifundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na mpiga picha wa ofisi alitaka picha ya nesi akiwa kazini.

Waliosoma juu ya 140 kwa 90 walikaribia mia.

Jumatatu bosi wa utumishi akapiga simu. "Nitumie majina ya wenye matatizo, tuwasaidie." Hilo neno "tuwasaidie" ndilo lililoniponza. Nikafungua Excel, nikaandika jina, idara, presha, sukari. Nikatuma, nikaenda kunywa chai. Sikuwaza hata dakika moja kwamba nimetoa siri za watu. Nilijiona nesi hodari aliyefanya kazi kwa takwimu.

Miezi mitatu ikapita, ikafika zamu ya kuhuisha mikataba. Wengi pale walikuwa wa miezi sita sita. Kuna mzee mmoja, nimwite Baba Rehema, si jina lake, dereva wa foklifti pale ghalani kwa miaka tisa. Kwenye karatasi yangu alisoma 168 kwa 102. Mkataba wake haukuhuishwa. Alikuja dirishani kwangu saa nane mchana, bado amevaa ovaroli ya kazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na swali moja tu, sina ugomvi. Ile presha ulinipima wewe, tukiwa wawili. Yule wa utumishi kaijuaje?"

Jamani, nilitafuta cha kusema sikukipata. Nilimwambia tu, "Nilituma mimi, baba." Akaitikia kwa kichwa, akakaa kimya kidogo, akaniaga vizuri kabisa. Afadhali angenitukana.

Nikaenda kwa bosi. Akaniambia, "Sasa sista, foklifti ni mashine hatari. Akianguka nayo juu ya mtu?" Na mimi nasema hapa wazi, swali lake halikuwa la kipuuzi. Mtu mwenye presha ya juu sana isiyotibiwa anayeendesha mashine ghalani ni jambo la kuangaliwa. Lakini lina njia yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapime wafanyakazi wake kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda. Pale daktari anamkagua mtu kwa utulivu, kisha mwajiri anaambiwa huyu anafaa kwa kazi hii, hafai, au anafaa kwa masharti. Mwajiri hahitaji kujua presha yako ni ngapi. Hahitaji kujua kama una kisukari, VVU au mimba. Ila mimi nilimpa namba za bonanza, zilizopimwa vibaya, za mtu aliyetoka kukimbia, naye akazifanya cheti.

Nilimtafuta Baba Rehema. Nilimpima kwake, kwenye kiti cha plastiki uani, nikarudi wiki iliyofuata nikampima tena. Mara ya kwanza 138 kwa 86, mara ya pili 134 kwa 84. Unamwambia mtu wa namna hiyo apunguze chumvi na uje umpime tena. Humwondoi kazini. Nikayaandika hayo, nikampelekea bosi. Akasema nafasi imeshajazwa.

Mwaka uliofuata tukafanya bonanza tena, fulana mpya za kijani. Mezani kwangu wakaja watu 14, wanane kati yao maofisa. Wengine wote walipita wakinisalimia kwa heshima, "sista hujambo," huku wameficha mikono nyuma kama watoto wa chanjo. Habari ilikuwa imeshazunguka zamu zote tatu.

Hapo ndipo nilianza kazi yenyewe. Niliomba pazia na viti vinne, nikaacha kupima kwenye sherehe. Kila anayekuja anapata kadi yenye namba bila jina, kadi anakaa nayo mwenyewe. Daftari linabaki kwenye droo, ufunguo ninao mimi na daktari. Juu ofisini inapanda jumla tu, na idara yenye watu wachache siiandiki peke yake, kwa sababu ukisema "mmoja wa ghalani" kila mtu anajua ni nani. Bosi alilalamika kwamba ripoti yangu haina nyama. Nikamwambia ndiyo nyama yenyewe hiyo.

Wakaanza kuja mmoja mmoja, usiku, zamu ikiwa imetulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa presha, wao wakaniletea mengine. Wale wa chumba cha kufungulia marobota ya pamba waliniambia kifua kinabana Jumatatu, wakirudi kutoka mapumziko ya Jumapili, kufikia Alhamisi kinalegea. Wenyewe walidhani ni uchovu wa wikendi, na supavaiza aliita pombe. Vumbi la pamba ndivyo linavyoanza, siku ya kwanza baada ya mapumziko, na likiachwa miaka kifua kinabana wiki nzima. Niliuliza watu 41 wa chumba kile, 17 wakasema Jumatatu ni mbaya. Nikapeleka hizo namba mbili tu. Swali la kwanza ofisini: "Ni akina nani hao 17?" Nikasema sijui. Mungu anisamehe, nilikuwa najua.

Tulivutana miezi mitano. Daktari alinisaidia sana, aliandika barua moja fupi kali. Mwishowe feni mbili za kuvuta vumbi zilizokuwa zimekufa zikatengenezwa. Mbili, kati ya nne. Pesa ya keki mwaka ule haikutoka, na kuna watu waliniona mimi ndiye niliyewanyima keki.

Kama miezi miwili kabla sijaacha kazi, akaja binti mmoja mpya wa sehemu ya kufuma. Nikamkaribisha kwenye kiti, nikamwambia tusubiri dakika tano. Hakukaa. Akaniuliza, "Dada nesi, karatasi yako inaenda wapi?"

Nikamwonyesha kadi, nikamwonyesha droo, nikafunga na kufungua mbele yake. Akaangalia vyote bila haraka. Kisha akasema baba yake anamsalimia, na akanitajia jina. Alikuwa Rehema.

Nilimuuliza mzee hajambo. Akasema anabeba mizigo sokoni siku hizi, mgongo unamsumbua kidogo. Kuhusu kupimwa akasema atakuja Alhamisi. Nilimsubiri ile Alhamisi mpaka zamu ikabadilika, hakuja.

Sehemu ya 10 nitaweka Jumapili nikitoka naiti. Itahusu bango letu la "kunywa maji ya kutosha" lililobandikwa karibu na meza ya supavaiza, ambapo mstari wa kina mama arobaini walikuwa wanagombania kadi moja ya kwendea choo.