Kombe kwa Huyu, Feza kwa Yule

Kuna watu wanaopenda kusoma orodha za wafalme wa zamani. Mimi napenda orodha za mabingwa. Nina daftari moja ambamo nimeandika majina ya wanaume walioshinda mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani, yale yanayochezwa New York kila mwaka, mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba. Upande wa kushoto nimeweka mwaka, katikati jina, upande wa kuume feza ya bingwa. Ukishuka kwa kidole polepole, mstari kwa mstari, unaona namna dunia ilivyogeuka.

Lakini mstari mmoja unanisumbua kila mara, nao ndio wa kwanza. Mwaka ni 1968. Jina ni Arthur Ashe, Mmarekani Mweusi, umri wake miaka 25. Zawadi ya bingwa ni dola 14,000. Je, Ashe alipokea dola hizo? Hakupokea hata moja. Alizipokea Tom Okker, Mholanzi, yule ambaye Ashe alimshinda katika mchezo wa mwisho. Mshindi alipewa kombe, pamoja na posho ya dola 20 kwa siku. Aliyeshindwa alirudi kwao na feza yote ya bingwa.

Nilipomweleza kijana mmoja jirani yangu jambo hili, alicheka akasema: “Baba, huo ni wizi!” Nikamjibu kwamba haukuwa wizi, ilikuwa sheria. Alinitazama kama mtu aliyedanganywa, ikanibidi kumweleza tangu mwanzo. Nanyi pia nawaeleza.

Mashindano haya yalianza mwaka 1881, katika mji wa Newport, na kwa miaka mingi wenye kucheza walikuwa watu wa raha. Walikuwa na nyumba kubwa, majani yaliyokatwa vizuri, na nguo nyeupe ambazo mtu mwingine aliwafulia. Kwao ilikuwa aibu kupokea mshahara kwa mchezo. Basi wakaweka sheria: anayelipwa asiingie. Sheria hiyo iliitwa ya heshima. Tajiri haikumwumiza, maana hakuhitaji feza ya mtu. Lakini mtoto wa fundi au wa karani, aliyeacha kazi yake mwaka mzima ili acheze, angekula nini? Kwa hiyo wengi walipewa bahasha kwa siri, wakaitwa wachezaji wasiolipwa huku wamelipwa. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema kwa sauti.

Waliokataa kufichaficha walijitangaza kuwa wachezaji wa kulipwa, nao wakafungiwa mlango. Mtazameni Ken Rosewall wa Australia. Mwaka 1956 alishinda mashindano ya Marekani akiwa na miaka 21, bila zawadi ya feza. Kisha akaamua kula kwa jasho lake waziwazi. Kuanzia hapo yeye na wenzake wachache walizunguka dunia, leo mji huu, kesho mji ule, wakitandika turubai juu ya sakafu za majumba ya michezo na kucheza usiku mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mwenzake Rod Laver alishinda mashindano yote manne makubwa mwaka 1962. Alipoingia katika kundi la wanaolipwa, akakaa nje miaka mitano. Orodha za mabingwa za miaka hiyo zina majina ya watu hodari, sibishi. Lakini pengine waliokuwa hodari kuliko wote walikuwa wanafungasha turubai lao mahali pengine.

Waingereza ndio waliochoka kwanza na unafiki huo. Mwezi wa Desemba 1967 chama chao kilikata shauri kwamba mchezaji ni mchezaji tu, analipwa au halipwi. Mwezi wa Machi 1968 wakubwa wa tenisi wa nchi zote walikutana Paris wakakubali mashindano yafunguliwe kwa wote. Na Rosewall? Mwaka 1970 alishinda tena New York, miaka 14 baada ya ushindi wake wa kwanza, akiwa na miaka 35. Mara hii alipokea dola 20,000. Huo ndio mstari ninaoupenda kuliko yote katika daftari.

Lakini mlango ulifunguliwa nusu. Kila nchi iliachiwa kupanga habari za wachezaji wake. Chama cha Okker kilimruhusu kupokea zawadi na bado kuichezea Uholanzi. Wamarekani hawakufanya hivyo kwa Ashe. Tena Ashe alikuwa askari, luteni katika jeshi la Marekani, akifanya kazi ya mashine za hesabu katika chuo cha kijeshi cha West Point. Jeshi lilimpa ruhusa ya kucheza, hasa kwa ajili ya Kombe la Davis, ambamo nchi hushindana na nchi. Angechukua zawadi, angefungiwa njia ya kombe hilo. Akakubali kubaki mchezaji asiyelipwa. Kwa hiyo siku ile watu wawili walisimama katika kiwanja kimoja, wakapiga mpira mmoja, kila mmoja chini ya sheria yake.

Na huyu Ashe si mtoto wa majumba makubwa. Alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, mahali ambapo Weusi walikuwa na shule zao, viti vyao katika mabasi, na viwanja vyao vya michezo. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanja kimoja cha Weusi, na nyumba yao ilikuwa humohumo ndani ya kiwanja. Mama yake alikufa Arthur akiwa na miaka sita. Daktari mmoja Mweusi, Robert Walter Johnson, alimchukua kila mwaka wakati wa likizo kumfundisha nyumbani kwake Lynchburg. Ndiye aliyemlea pia Althea Gibson, mwanamke Mweusi aliyeshinda mashindano hayohayo mwaka 1957 na 1958. Daktari huyo aliwafundisha watoto jambo gumu: mpira wa mpinzani ukianguka nje kidogo tu karibu na mstari, urudishe kana kwamba ni mzuri. Usibishane na mwamuzi, usitupe raketi, usimpe mtu sababu ya kukufukuza. Mimi sijui kama ni haki kumtwika mtoto adabu ya namna hiyo, wakati mtoto wa Mzungu alipiga kelele na kusamehewa. Lakini ndiyo iliyomfikisha Forest Hills.

Mchezo wenyewe ulikuwa tarehe 9 Septemba 1968. Seti ya kwanza peke yake ilikwenda mpaka 14 kwa 12. Okker alikuwa mwepesi kama paa. Ashe alikuwa na mpira wa kuanzia uliopita kama risasi, na mara 26 Okker hakuugusa. Seti tano zilichezwa: 14–12, 5–7, 6–3, 3–6, 6–3. Ashe akawa mwanamume Mweusi wa kwanza kushinda mashindano hayo. Baba yake, mlinzi wa kiwanja, aliingia uwanjani akasimama karibu na mwanawe akilia. Kisha kila mmoja akapewa chake: kombe kwa huyu, feza kwa yule. Siku chache baadaye mtu ambaye jina lake halikutajwa alimpa Ashe hisa 100 za kampuni ya General Motors, kwa kuwa aliona si haki. Na mwezi wa Desemba Ashe na wenzake walilichukua Kombe la Davis huko Australia.

Wako wanaosema kwamba hadithi hii ni nzuri sababu Ashe alicheza bila malipo, na kwamba feza imeharibu michezo. Nimewasikia mara nyingi, na kwa kawaida wanaosema hivyo wana mshahara. Mimi siwezi kukubali. Ashe alifanya kazi kuliko wote katika wiki zile mbili. Watu walilipa tikiti ili wamwone yeye. Feza ilikuwapo, imehesabiwa, iko tayari. Kumnyima mfanyakazi, halafu kuliita jambo hilo heshima, ni kumdhulumu mara mbili. Tena tazameni anayeumia: si yule mwenye mali ya baba yake, ni mtoto wa mlinzi.

Mistari iliyofuata naipita haraka. Mwaka 1969 Laver alishinda tena yote manne, na New York ikampa dola 16,000. Mwaka 1972 Ilie Năstase wa Romania alimshinda Ashe katika mchezo wa mwisho, ingawa Ashe alikuwa mbele seti mbili kwa moja. Năstase alipewa dola 25,000, na mwanamke bingwa, Billie Jean King, dola 10,000. Mama huyo alisema waziwazi kwamba hatarudi kama hesabu haitasawazishwa. Mwaka 1973 ikasawazishwa, 25,000 kwa mwanamume John Newcombe na 25,000 kwa mwanamke Margaret Court. Tofauti ililipwa na kampuni moja iliyouza dawa ya kupaka makwapani. Basi haki nayo mara nyingine hupitia milango ya ajabu.

Kisha tarakimu zinapanda kama maji ya mto wakati wa masika. Jimmy Connors alipata 90,000 mwaka 1982. Pete Sampras, kijana wa miaka 19, alipata 350,000 mwaka 1990. Roger Federer akafika 1,000,000 mwaka 2004. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, walicheza mbele ya viti vitupu, na zawadi ikashuka mpaka milioni tatu. Mwaka 2025 Mhispania Carlos Alcaraz alipewa dola 5,000,000. Televisheni ndiyo inayolipa, pamoja na makampuni yanayotaka jina lao lionekane nyuma ya mchezaji.

Hapa kijana jirani yangu alinyamaza. Kisha akauliza: “Na yule anayeshindwa siku ya kwanza, Baba?” Swali zuri kuliko yangu. Mwaka 2025 huyo alipewa dola 110,000. Ukihesabu jinsi dola ilivyopungua nguvu tangu 1968, zile 14,000 ambazo Ashe hakupewa zinalingana na kama 130,000 za sasa. Yaani mtu anayetolewa mchezo wa kwanza tu anakaribia feza ya bingwa wa wakati ule. Lakini msimwonee wivu upesi. Anajilipia mwalimu wake, ndege na hoteli, na wiki nyingi za mwaka yuko katika mashindano madogo ambamo zawadi haitoshi hata nauli. Walio nje ya mia moja wa kwanza wanajua njaa ya mchezo huu.

Ashe mwenyewe alilijua hilo. Mwezi wa Septemba 1972 alikuwa miongoni mwa waliounda chama cha wachezaji wanaume, ili wasipangiwe mambo yote na watu wasioshika raketi. Mwaka 1974 akawa rais wake. Mwaka 1975 alishinda Wimbledon akapokea zawadi yake kama wengine. Alikufa mwaka 1993, na tangu 1997 kiwanja kikubwa cha New York, chenye viti zaidi ya 23,000, kinaitwa kwa jina lake. Ndimo Alcaraz alimopokea milioni zake tano.

Na Okker? Watu humsahau, au humcheka kama mtu aliyebahatika. Hakumdhulumu mtu; alipokea alichoruhusiwa. Serikali ya Afrika ya Kusini ilimkatalia Ashe ruhusa ya kuingia mwaka 1969 na tena 1970, kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1973 ikamruhusu, naye akataka watazamaji wasitengwe kwa rangi. Huko Johannesburg alishindwa na Connors mchezo wa mwisho wa mtu mmoja mmoja. Lakini katika mchezo wa wawiliwawili alishinda, na aliyesimama naye upande mmoja wa wavu alikuwa Tom Okker.