WALISEMA NDOA IMEKUFA, KUMBE NI AC!

Mtaa ulishahukumu. Mke wa MC mmoja anayetamba kwenye harusi za hapa Dar (jina kapuni) alionekana alfajiri akipakia mabegi mawili na mtoto kwenye bajaji, safari ya kwa mama yake Temeke. Wiki ikapita, hajarudi. Maneno yakaanza: eti jamaa ana mchepuko, eti mke kakuta meseji, eti ndoa za mjini hazifiki miaka mitatu.

Hakukuwa na mchepuko wala meseji. Kilichomtoa yule dada ndani ni AC.

Ndiyo, AC. Tulia, stori iko hivi.

Desemba jamaa alipiga harusi mfululizo, mkwanja ukakaa vizuri. Nyumba yao iko Mbezi Beach, ndogo tu ya kwao wenyewe, sebule na vyumba viwili. Akasema mwaka huu halali tena na feni. Akaenda Kariakoo na kuuliza swali moja tu: ipi kubwa? Akarudi na AC ya BTU 24,000, akaifunga kwenye chumba cha kulala cha mita 14 za mraba. Usiku uleule akaposti picha kajifunika blanketi zito, na maneno chini: "Dar ya wapi? Hapa Ulaya." Laiki zikamiminika.

Mke wake alimwambia mapema kabisa.

"Baba Junior, mimi joto nalivumilia. Shida yangu ni unyevu. Shuka zinanata, godoro kama limemwagiwa maji."

"Mama Junior, hii ndiyo kubwa kuliko zote pale dukani. Unataka nini tena?"

Tatizo ni kwamba ile mashine ilikuwa na kazi ya dakika kumi tu. Ikiwaka, chumba kinakuwa barafu, inazima. Muda kidogo joto linarudi, inawaka tena, inazima tena. Ndani kuna baridi, lakini baridi ya kinyevunyevu, ile ya pangoni. Januari na Februari waliisukuma hivyohivyo. Masika ilipofika, mvua asubuhi mvua jioni, mambo yakaharibika. Nje jua si kali, kwa hiyo mashine inamaliza kazi haraka zaidi na kuzima, huku hewa ya Dar asubuhi nyingi ina unyevu unaopita asilimia 80.

Ukungu ukaanza nyuma ya kabati, ukapanda ukutani. Ijumaa moja jamaa anatoa suti ya kazi, harusi iko kesho, anakuta madoa ya kijani begani. Ile suti ndiyo ofisi yake. Akafoka, akamlaumu mke hasafishi kabati. Mke hakujibu. Wiki ileile mtoto alikuwa anakohoa usiku kucha, na daktari aliuliza swali moja tu: "Chumba anacholala kina ukungu?" Akasema mtoto asilale humo mpaka ukungu utoke. Alfajiri ya Jumapili, jamaa akiwa bado hajarudi kutoka ukumbini, bajaji ikaja.

Ujumbe aliouacha mezani ulikuwa mfupi: "Ukungu ukiisha nitarudi. Sijakuacha."

Siku tatu jamaa alikaa na kiburi chake. Ya nne akaenda tena Kariakoo, safari hii na mawazo makubwa zaidi: akate mzizi wa fitina, aweke AC moja ya nyumba nzima, ile ambayo mashine inakaa juu ya dari na hewa inasambazwa vyumbani kwa mabomba mapana. Muuzaji akampigia hesabu ya BTU 60,000. "Bosi, ukiweka hii umemaliza." Jamaa alikuwa ameshaanza kuhesabu hela, bahati nzuri rafiki yake mpiga muziki akamzuia. Akampa namba ya fundi mmoja mzee aliyezeekea kwenye vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki.

Mzee alifika na futi, hakufika na bei. Baada ya shikamoo, kitu cha kwanza aliomba ndoo. Akaiweka nje, chini ya kile kibomba cha kumwaga maji ya AC, akasema atarudi kesho. Kesho yake ndoo haikufika hata robo.

"Umeona mwanangu? Maji yote yaliyotakiwa yawe humu, umelala nayo ndani."

Akamweleza kwa mfano wa chupa ya soda. Ukiitoa kwenye friji inatoka jasho, kwa sababu unyevu wa hewa unagusa kitu cha baridi na kuwa maji. Ndani ya AC kuna mirija ya baridi inayofanya vilevile. Lakini lazima ifanye kazi muda mrefu, maji yajikusanye, yadondoke, yatoke nje. Mashine kubwa mno inapooza hewa haraka na kuzima kabla maji hayajapata nafasi ya kutoka. Feni ikiendelea kuzunguka, unyevu uliobaki kwenye mirija unapulizwa tena chumbani. Unalipia umeme ili urudishiwe maji yako.

Na hapa kuna kitu wengi hatukijui. AC ya kisasa haikuanza kwa sababu watu walisikia joto. Mwaka 1902 huko Brooklyn, New York, injinia Willis Carrier akiwa na miaka 25 alibuni mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji. Karatasi zilikuwa zinavuta unyevu, zinatanuka na kunywea, rangi hazikai mahali pake. Walitaka hewa kavu. Ubaridi ulikuja na mzigo huohuo.

Mzee akapima nyumba nzima: mita 42 za mraba. Kwa joto la pwani yeye hukadiria BTU 600 kwa kila mita ya mraba, kisha anaangalia dari, madirisha na jua linapopiga. Hesabu ikaja 25,200. Akasema mashine ya BTU 24,000 inatosha, feni itasaidia zile siku mbaya za Februari.

Jamaa akaganda. Ina maana saizi aliyoifunga chumbani ndiyo saizi ya nyumba nzima? Chumba chake peke yake, hesabu ya mzee ilikuwa BTU 8,400. Yaani ya 9,000 ingemtosha kabisa.

"Ningechukua ile ya 60,000 ingekuwaje?"

"Ungelima uyoga sebuleni."

Masharti ya mzee yalikuwa machache. Kwanza, mashine iwe ya inveta, ile inayopunguza kasi na kuendelea kufanya kazi polepole, isiwe ya kuwaka na kuzima. Pili, mabomba ya hewa yafungwe vizuri na kuvalishwa sponji ya kuzuia joto, maana chini ya bati kuna tanuri. Bomba la baridi likikaa uchi kwenye joto lile litatoka jasho na kudondoshea jipsamu. Tatu, feni kwenye rimoti iwekwe "auto", isizunguke muda wote wakati mashine imepumzika. Siku za mvua zisizo na joto, wabonyeze kitufe chenye alama ya tone la maji. Nne, madirisha ya vioo vya kupangana yazibwe nyufa, na wasianike nguo ndani. Hili la mwisho lilimhusu Mama Junior, ambaye masika yote alikuwa anaanika chumbani. Kila mtu alikuwa na mchango wake kwenye ule ukungu.

Jamaa akauza ile AC ya Ulaya kwa hasara, kwa mtu mwenye ukumbi. Akaongeza hela aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya spika mpya. Washikaji wakamcheka: MC mzima nyumba nzima BTU 24,000? Akanyamaza. Akasugua kuta mwenyewe, kabati lililooza akalitoa nje, akapaka rangi upya. Akanunua na kale kamashine kadogo ka kupima unyevu, akakaning'iniza juu ya kitanda cha mtoto.

Kila asubuhi alikuwa anatuma picha moja Temeke, bila maneno. Siku ya kwanza 74. Ya pili 66. Ya tatu mvua ilinyesha kutwa, ikapanda 68, akatuma hivyohivyo. Mke anaona, anakaa kimya. Mzee alishawaambia ikikaa chini ya 60 ukungu hauna maisha. Siku ya sita ikasoma 56, na chini ya namba hiyo kwa mara ya kwanza jamaa akaandika kitu: "Ulisema ni unyevu. Nilikuwa sisikilizi. Na ile ya kabati nilikuonea."

Jibu likaja mchana: "Nakuja Jumapili. Usije na maua, njoo na bajaji kubwa, mama katupa mkeka."

Jumapili usiku, kabla ya kulala, yule dada alipitisha mkono juu ya shuka taratibu, kama anatafuta kitu. Halikunata. Chumba hakikuwa na baridi ya kujifunika blanketi, kilikuwa kawaida tu. Mtoto alilala mpaka asubuhi.

Na asubuhi jamaa akaposti. Safari hii hakukuwa na blanketi wala Ulaya, ilikuwa picha ya ndoo nje ya nyumba, imejaa maji pomoni. Watu hawakuelewa kitu. Mmoja akauliza, "Kaka, maji yamekatika huko?" Mkewe ndiye peke yake aliyeweka moyo.

Haya wadau, nyumbani kwenu nani anasikilizwa zaidi: mwenye hela ya kununua, au anayelala kwenye shuka linalonata? Dondosha komenti.