Kigae cha Kidaka cha Tatu

Mwezi uliopita nyumba ya jirani yetu hapa Mkomani, Lamu, ilibomolewa. Boriti za dari zilikuwa zimeoza, wenyewe wako Mombasa na Maskati, na hakuna aliyekuwa na pesa za kununua chokaa. Siku sita punda walipita mlangoni kwangu na kifusi: mawe ya matumbawe, lipu ya kale, mbao. Siku ya pili mjukuu wangu alinikuta nimechutama kwenye vumbi, akaniuliza, "Bibi, mbona waokota takataka?"

Hakusema kwa ubaya. Ana miaka 15, amezaliwa Lamu, na karo yake yatoka kwenye takataka hizo hizo. Ndiyo sababu usiku ule sikulala vizuri.

Nilichokuwa nacho mkononi ni kigae cha sahani ya kaure, chenye ua la buluu lililokatika nusu. Nakijua. Sahani ile ilikaa katika zidaka za ukuta wa chumba cha ndani, safu ya chini, kidaka cha tatu kutoka kushoto. Mimi na binti wa nyumba ile tulikatazwa kucheza karibu na zidaka zile, na siku sahani ilipovunjika sisi ndio tulioulizwa kwanza. Vipande vilichomekwa ukutani pamoja na lipu, na huko vikakaa zaidi ya miaka 50.

Ami yangu alikuwa sonara. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chini ya nyumba, mlango ukiangalia njia, na aliyeingia alipokewa na harufu kabla ya salamu. Ilikuwa harufu ya makaa, ya tinkali ikiungua, na juu ya zote ukwaju. Fedha ikitoka motoni huwa nyeusi. Ami aliitumbukiza katika sufuria ya ukwaju uliochemka, akaiacha, na ilipotoka ilikuwa nyeupe kama nyama ya dafu. Hadi leo nikipita jikoni kwa mtu anayepika mchuzi wa ukwaju, mkono wangu hutafuta koleo.

Wakati ule hakuna aliyekwenda kwa sonara kununua kitu kilicho tayari. Mtu alikuja na fedha yake. Bibi arusi aliletewa mitali ya nyanya yake, imelika upande mmoja, ikayeyushwa ikawa bangili na majasi. Asiyekuwa na mitali alileta reale za Sham. Reale moja ina gramu 28 na kidogo, na katika sehemu 1,000 za uzito wake 833 ni fedha safi. Zote zimepigwa chapa ya mwaka 1780, hata zile zilizotengenezwa miaka 100 baadaye, kwa sababu huo ndio mwaka aliokufa Maria Theresa, mtawala wa Austria, na wafanyabiashara wa Uarabuni na Habeshi hawakutaka sarafu yenye sura nyingine. Ami alipima mbele ya mwenye mali, akapima tena kazi ilipokwisha, akachukua ujira wake tu. Vumbi la tupa lililodondoka alilikusanya kwenye ngozi aliyoitandaza mapajani, na lile la sakafuni tulilifagia kila jioni. Baada ya miezi lilichomwa, likatoa tone la fedha kama punje ya mbaazi. Nililelewa nikijua kwamba hakuna kinachotupwa. Neno la kuiita kazi hiyo hatukuwa nalo, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Vigae viliingia baadaye. Nilidhani ni 1974. Nimefungua daftari la ami, limeandikwa 1976, na kurasa za kabla yake zimeliwa na mchwa. Basi na iwe hapo katikati. Bi mmoja wa Langoni alikuja na sahani ya kombe imevunjika. Kwa vizazi vitatu sahani ile iliandikiwa aya kwa zafarani, ikaoshwa, mgonjwa akanywa. "Nifanyie utakalo," alimwambia ami, "lakini isitupwe." Ami alikaa nayo wiki mbili. Mwishowe alitoa vidani vitatu vya fedha vyenye vigae vyake, kimoja kwa kila binti wa yule bi. Sisemi ni yeye wa kwanza katika pwani hii. Nasema hivyo ndivyo ilivyoanza dukani kwetu.

Kazi ya kusaga ilikuwa yangu. Kigae hukatwa kwa koleo kidogo kidogo, kisha husuguliwa juu ya jiwe lenye maji mpaka ukingo usikwaruze shingo. Lazima liwe na maji, la sivyo vumbi lake huingia kifuani na kaure hupata joto ikapasuka. Ami alipitisha waya wa fedha kwenye chamburo, akaufua ukawa ukanda mwembamba, akauzungusha kwa kipimo cha kigae. Ukanda hutiwa lihamu kwenye bamba la nyuma kigae kikiwa mbali, kwa kuwa hakiingii motoni. Huja mwisho, fedha imekwisha poa, na ukingo hulazwa juu yake kwa kusukumwa pande zote. Hakuna gundi. Kikitoka, ni kosa la fundi.

Kila kigae kiliandikwa daftarini kimetoka nyumba gani. Kulikuwa na kaure za Kichina, na kulikuwa na bakuli za Maastricht, Uholanzi, zenye maua ya kupigwa chapa, ambazo mabibi zetu walizipenda sana. Siku moja kijana alileta mkoba mzima wa vigae kutoka magofu ya Takwa. Ami alimrudisha navyo vyote. "Cha magofuni si chetu," alisema. Sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 2006 inasema hivyo hivyo, lakini ilipotoka ami alikuwa amekwisha fariki.

Alifariki 1998. Nikabaki na duka, daftari, na fundi mmoja aliyemfunza mwenyewe. Reale zikaadimika, tukanunua fedha kwa gramu. Wageni walikuja kwa wingi, mji ukaandikwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO 2001, halafu ikaja 2011 ya utekaji wa wageni, ikaja 2014 ya mashambulizi, ikaja 2020 ya korona, na msomaji anajua miaka hiyo ilifanya nini kwa mtu anayeuza kwa wageni. Sasa nauza kwa picha za simu, mteja analipa kwa M-Pesa, mzigo unapanda basi. Hilo silo linalonikera.

Linalonikera ni nilichokiona Malindi na baadaye Nairobi: sahani mpya za dukani zinavunjwa kwa nyundo, vipande vinabandikwa kwa gundi kwenye chuma cheupe kisicho fedha, na mnunuzi anaambiwa ni kaure ya jahazi la Kichina la miaka 600. Kuvunja sahani nzima ili uuze vipande ni kinyume cha kazi hii. Na ni rahisi kutambua. Chukua lenzi. Ua la sahani mpya mara nyingi ni vitone vitone vya mashine, na la mkono lina mstari unaonenepa na kukonda mahali brashi ilipokazwa na kulegezwa. Geuza nyuma utazame ukanda, kisha muulize muuzaji kigae kimetoka nyumba gani. Mwenye daftari atakujibu.

Katika kifusi cha jirani nilipata vigae 11 vinavyofaa. Nilimpigia simu binti wa nyumba ile, sasa naye ni bibi, yuko Maskati. Alitaka viwili, vya binti zake. Vingine viko kwenye kopo lenye jina la nyumba. Cha ua la buluu mjukuu wangu amekisaga mwenyewe, jioni tatu, na ukingo wake bado haujakaa sawa.

Wiki ijayo kuna nyumba nyingine inabomolewa, karibu na soko. Wewe mwenye nyumba ya kale, hapa Lamu, Pate au Siyu, kabla hujawaita wenye punda, mwite sonara apite chumba cha ndani kwanza. Hatakudai kitu.