Usukani Kabla ya Rangi



Wasomaji wetu wapenzi, katika nyumba nyingi marehemu huacha kitu kisichogawika kwa kisu: cherehani, mashua, au gari. Kitu hicho hubaki uani kikipigwa na jua, na kila mrithi hukitazama kwa jicho lake. Wiki hii tunazungumzia gari moja la namna hiyo, na kifaa kidogo kilichofichika ndani yake.

Gari lenyewe ni pikapu ya Peugeot 504, na liko Mwatate. Wenye umri wetu hawahitaji kuelezwa habari zake. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, pikapu yake ikafuata mwaka 1979, na katika mashindano ya Safari Rally iliibuka mshindi mwaka 1975 na tena 1978. Mwenye gari hili alikuwa rafiki yetu wa tangu chuoni. Alipofariki aliacha mke, kijana wa miaka 23 na mabinti wawili wadogo, na alikuwa ametuusia tusimamie mirathi yake.

Mjane alipotoka eda ya miezi 4 na siku 10, na madeni yalipokwisha kulipwa, tulikaa kikao. Fungu la mjane mwenye watoto ni thumni, yaani moja ya nane. Wazazi wa marehemu walikwisha kumtangulia, kwa hiyo kilichosalia kilikuwa cha watoto, mwana akipata mafungu mawili ya binti. Ikaafikiwa kwamba gari lisiuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Lingefufuliwa, kijana ateremshie mboga kutoka Wundanyi hadi Voi, na faida igawanywe kwa mafungu hayo. Lakini fedha zilikuwa chache, zilitosha kazi moja tu kwa wakati mmoja.

Kijana alitaka rangi na viti vitangulie. Alisema mteja hulitazama gari kabla ya kulipakia mzigo wake, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Fundi alimuunga mkono. Kuhusu usukani, ambao ulikuwa ukicheza juu na chini mkononi, alisema ungetulizwa kwa kuvingirisha kipande cha mpira wa tyubu ndani ya bomba lake, na asiyefungua asingejua.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Maalim, mpira huo utadumu muda gani?"

Fundi akajibu badala yetu, "Inategemea, mama."

"Basi mwanangu hateremki Wundanyi kwa 'inategemea'."

Anayeijua barabara ya Mwatate kupanda Wundanyi atamwelewa. Ni kona juu ya kona, upande mmoja mlima, upande wa pili bonde. Gari lenye mzigo likiteremka huko, mikono ya dereva haipumziki hata dakika moja.

Usukani unaoshikwa na dereva umefungwa kwenye mhimili mrefu wa chuma unaopita ndani ya bomba. Mhimili huo hushikwa na beringi, juu karibu na usukani na chini karibu na miguu ya dereva. Beringi zikilika, mhimili huyumba ndani ya bomba. Dereva husikia mgongano kwenye matuta, usukani hukwaruza ukizungushwa, na mkono hauna tena hakika ya kile ambacho magurudumu yanafanya.

Amri ilipotolewa kwamba beringi zibadilishwe, fundi yule yule aliifanya kazi kwa ustadi. Alitenganisha betri, akanyoosha magurudumu ya mbele, akaondoa kifuniko cha honi na kulegeza nati ya katikati. Kabla ya kuuvua usukani alitia alama juu yake na juu ya mhimili, ili urudi ulipokuwa. Aliuvuta kwa pula, hakuupiga nyundo, kwa kuwa mapigo huweza kuharibu mhimili. Beringi ya juu ilitoka kavu, grisi yake imegeuka udongo kwa vumbi jekundu la Taita. Ya chini ilikuwa imelika upande mmoja.

Alipima tundu la ndani, upana wa nje na unene, milimita kwa milimita, akaagiza nyingine za vipimo hivyo hivyo. Zilipofika, alisafisha bomba, akazipaka grisi, akazisukuma mahali pake kwa kipande cha bomba kilichoegemea pete ya nje. Ukiisukuma kwa pete ya ndani, nguvu hupita kwenye gololi na beringi mpya huharibika kabla haijafanya kazi. Mwisho aliuzungusha usukani kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa, akakagua na viungo vya chini, maana beringi mpya haiponyi kiungo kilicholegea.

Wapo waliotuuliza kwa nini tulimwegemea mama. Tuliwajibu kwamba sehemu ya fedha zile ilikuwa ya mabinti wawili ambao hawajabaleghe. Mali ya yatima haitumiki ila kwa jambo lenye maslahi kwake, na maslahi ya kwanza ni mali isiangamie, wala ndugu yao asiangamie nayo. Rangi ni pambo, na pambo huweza kungoja. Ule mpira nao ulikuwa na ubaya mwingine. Siku gari lingeuzwa, ungekuwa aibu iliyofichwa, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki kisharia ya kurudisha alichonunua.

Kijana hakufurahi, na hatumlaumu. Gari lilianza kazi likiwa na rangi iliyobambuka na viti vilivyochanika, na rangi itatoka katika faida, kidogo kidogo.

Akina mama mnaosoma ukurasa huu, msidhani mambo haya ni ya wanaume peke yao. Gari la nyumbani likiwa limesimama, shikeni usukani kwa mikono miwili, mwusukume juu na chini, kisha pembeni. Ukicheza, beringi zikaguliwe. Ukizunguka sana kabla magurudumu hayajaitika, tatizo linaweza kuwa chini, kwenye viungo au reki. Kwa vyovyote, mwambieni anayeliendesha kabla hajaondoka, na asipojali, mwambieni tena.

Wabillahi tawfiq.