Mlango Uliojifunga



Safari moja ya kurudi kutoka Malindi ndiyo iliyotufanya tuazimie kutia vitasa vya umeme katika gari letu. Tulikuwa tumekaribia Minjila, jua la alasiri likitupiga usoni, mwanangu wa miaka minne alipovuta kishikio cha mlango wa nyuma, nao ukafunguka gari likienda. Nilimdaka kwa kanzu yake. Alhamdulillahi, hakudhurika. Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwani ni mimi niliyesahau kubonyeza kifungo cha mlango ule. Gari letu ni kuukuu, na kila mlango hufungwa peke yake kwa mkono. Mwenye watoto na vikapu hakosi kusahau mmoja.

Shemeji yangu, aliyejifunza umeme wa magari, alikuja nyumbani kwetu Garsen na vifaa vyake. Nilikaa karibu nimshikie bisibisi, maana nilitaka kukijua kinachotiwa katika gari linalobeba wanangu. Kwanza aliondoa waya hasi wa betri. Kisha akaeleza. Ndani ya kila mlango hutiwa mota ndogo inayoshikana na ufito wa kitasa. Umeme ukipita upande mmoja, mota husukuma ufito na mlango hufunga. Ukigeuzwa njia, huuvuta na mlango hufunguka. Mota za milango mingine zilikuwa na nyaya mbili tu, kwa kuwa kazi yake ni kutii. Ile ya dereva ilikuwa na nyaya tano, kwa kuwa ndiyo inayotoa amri kwenye kisanduku kinachoongoza milango yote. Karibu na betri alitia fyuzi, ili waya wa umeme ukigusa bodi ya gari, iungue fyuzi wala lisiungue gari.

“Shemeji,” aliniambia, “mlango hufunguliwa mara nyingi kwa siku. Waya usiopita ndani ya mpira wake utasagwa.”

Aliyasema hayo, lakini mpira wa mlango wa dereva ulikuwa umepasuka, na Magharibi ilikuwa imekaribia. Tukakubaliana nyaya zipite pembeni kwa siku chache mpaka mpira mwingine upatikane Malindi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokubali.

Siku ya tatu nilimketisha mwanangu kiti cha nyuma, nikatia ufunguo mahali pake, kisha nikakumbuka kikapu. Nikashuka, nikaufunga mlango wa dereva. Nikasikia mlio mmoja, na milango yote minne ikajifunga. Waya wa amri ulikuwa umebanwa penye bawaba hadi ganda lake likachubuka, ukagusa chuma, na kisanduku kikadhani dereva ameamuru kufunga. Vioo vilikuwa juu kwa ajili ya vumbi. Ufunguo wa pili alikuwa nao mume wangu, naye alikuwa Hola.

Anayelijua jua la Garsen baada ya Adhuhuri hahitaji kuelezwa. Gari lililofungwa hugeuka tanuri kwa dakika chache tu. Mtoto alianza kulia, nami nikawa napiga kioo kwa viganja, jambo lililomtisha zaidi. Jirani aliokota jiwe. Mavyaa wangu akanisogeza kando, akaweka uso wake kwenye kioo, akatabasamu kana kwamba ni mchezo.

“Kinyanyue kile, mume wangu,” akasema, kama anavyomwita kila siku, akimwonyesha kifungo kwa kidole.

Mtoto alikivuta mara ya kwanza kikamteleza. Mara ya pili kikainuka. Nikavuta kishikio cha nje, mlango ukafunguka, naye akanirukia akiwa ameloa jasho. Lau angeshindwa, jiwe lilikuwa tayari kwa kioo kilicho mbali naye, na wala tusingekihurumia.

Shemeji aliporudi na mpira mpya, alizipitisha nyaya zote ndani yake. Kisha akanionyesha kitu kilichonitahayarisha: ukingoni mwa kila mlango wa nyuma mlikuwa na kitenzo kidogo ambacho, kikisogezwa, kishikio cha ndani hakifungui tena. Kilikuwapo tangu siku tuliponunua gari. Kwa lile la Minjila, dawa ilikuwa mkononi mwetu bila gharama.

Sivilaumu vitasa vya umeme. Vinanisaidia hadi leo. Lakini mafunzo mashuhuri ya Mtume wetu (S.A.W.) kwamba mtu amfunge ngamia kisha amtegemee Mwenyezi Mungu, nimeyafahamu upya. Kufunga ni wajibu, na mfungaji ana wajibu pia wa kujua namna ya kufungua. Leo ufunguo wa pili unaning'inia ukutani mwetu. Kila mtoto amefundishwa kunyanyua kifungo, ili mkubwa afungue kwa nje. Nami sishuki garini bila ufunguo mkononi, hata nikiwa nafuata kikapu tu.

Mama mwenzangu, kabla ya safari yako ijayo, mketishe mwanao garini, ukae naye, umfundishe hilo kwa mchezo. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu sote. Amin.